Mteja Akisema "Punguza": Tafuta Chanzo Kabla ya Kushusha Bei

Jumamosi jioni, nikishafunga duka, nakaa na vijana wanaouza bidhaa hapa Arusha: wa sabuni, wa asali, wa sare za shule, wa vipuri, na wawili wanaopanda basi kutoka Moshi. Kila mmoja anakuja na lalamiko lake, lakini baada ya miaka kadhaa nimeona malalamiko ni yale yale manane, yanabadilisha nguo tu. Mimi nilianzia kwenye mitumba Kiborloni, sasa nauza mashuka na taulo kwa hoteli na kambi za watalii, na mengi ya haya yamenipata mwenyewe.

Kinachoniuma ni kuona wote wanatumia dawa moja kwa kila ugonjwa. Mteja akikunja uso, wanashusha bei. Akinyamaza, wanashusha. Akichelewa kulipa, oda inayofuata wanashusha tena ili asiwakimbie. Nimeandika mwongozo huu kwa kufuata dalili, nikianza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na kushuka hadi ile ya nadra, ili bei iwe kitu cha mwisho unachokigusa.

Kabla ya yote: karatasi yenye mistari mitatu

Usiende kwa mteja bila kuandika vitu hivi kwa mkono wako. Mstari wa kwanza ni gharama halisi ya bidhaa ikiwa imeshafika kwa mteja: bei ya kununulia, nauli, mfuko, bodaboda, na sehemu ya kodi ya fremu. Wa pili ni bei ya mwisho, ile ambayo ukiambiwa chini yake hata shilingi mia unafunga begi. Wa tatu ni utakachofanya huyu asiponunua: nani mwingine anaweza kuchukua mzigo huu, lini, kwa bei gani.

Mstari wa tatu ndio unaorukwa, na ndio wenye nguvu kuliko yote miwili. Kijana mwenye mteja mmoja tu mfukoni ataongea kwa kubembeleza hata akijitahidi vipi. Akiwa na wawili, sauti inabadilika yenyewe.

Kama mistari hiyo huna, acha kusoma dalili. Kaandike kwanza.

Dalili ya 1: Umetaja bei, mteja amesema "ghali" papo hapo

Sababu ya kawaida kabisa: bei imetangulia mahitaji. Umeingia ofisini kwa meneja kule Njiro, umesalimia, hujakaa vizuri kitini, anauliza "shuka shilingi ngapi?" nawe ukajibu. Hapo hana cha kupimia isipokuwa bei ndogo kuliko zote alizowahi kusikia.

Jipime hivi: je, ulijua ana vyumba vingapi? Shuka za sasa zimedumu muda gani? Nini kinamkera? Kama huna jibu hata moja, tatizo lako liko mbali na bei. Tiba yake ni kuuliza bila kumkwepa: "Nakutajia sasa hivi, bosi, ila ninazo za aina tatu. Mnafua wenyewe au mnapeleka kwa dobi?" Anayefua kila siku kwa dawa kali anahitaji kitambaa tofauti kabisa na mwenye nyumba ya wageni inayojaa siku za sikukuu tu.

Mama mmoja, msimamizi wa usafi wa lodge njia ya Karatu, alinikatalia bei mara mbili. Mara ya tatu nilimuuliza kazi gani inamchosha. Akasema: lile vumbi jekundu. Wageni wanajifutia miguu kwa taulo nyeupe na rangi haitoki tena. Tukapatana taulo za kahawia kwa ajili ya miguu, nyeupe zikabaki za kuogea. Bei hatukuigusa, na hakuitaja tena.

Sababu ya pili: anakulinganisha na kitu kisichofanana na chako. Uliza kwa upole, "Ghali ukilinganisha na ipi, dada?" kisha unyamaze asikie swali. Ikiwa ameona nyingine, omba mziweke pamoja mezani. Mteja akishika kwa mkono wake tofauti ya uzito wa taulo mbili, hahitaji hotuba yako.

Sababu ya tatu: hela haipo kwa sasa. Hapa kwetu hili lina majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua na kambi nyingi za Serengeti hufunga Aprili na Mei. "Ghali" ya Aprili mara nyingi maana yake ni "sina." Lakini huo ndio wakati meneja yuko mjini, ana nafasi ya kukusikiliza, na anafikiria atakachobadilisha kabla wageni hawajarudi Juni. Pataneni bei sasa, akupe malipo ya awali kidogo, mzigo uende wiki ya mwisho ya Mei. Ukisubiri Juni utamkuta amezungukwa na wageni na tayari ameshanunua kwa mwingine. Moshi ina majira yake: Desemba watu wanarudi nyumbani kula sikukuu, na anayekwenda kuuza kwa jumla wiki ya mwisho anakuta maduka yameshajaza stoo.

Sababu ya nne, ya nadra ila ipo: bei yako kweli iko juu. Pita maduka matatu kuzunguka Soko Kuu ukauliza kama mnunuzi wa kawaida. Ukikuta wenzako wanauza kwa bei uliyonunulia wewe, hakuna maneno yatakayokuokoa. Simama hapo na ubadilishe unakonunulia.

Dalili ya 2: Mauzo yapo, hela haionekani

Hii ndiyo naiona zaidi, na inawaumiza wachapakazi. Kijana ana oda kila wiki, simu haikai, lakini mwisho wa mwezi anakopa kulipa kodi ya fremu.

Sababu ya kwanza: anahesabu punguzo kwenye bei badala ya kulihesabu kwenye faida. Tuchukue mfano wa pea ya shuka. Umeinunua 22,000, nauli 1,000, mfuko na mengineyo 1,000, imekufikia 24,000. Unauza 30,000. Faida yako ni 6,000. Mteja anataka pea 50 na anasema, "Nipunguzie asilimia kumi tu, ni kidogo." Asilimia 10 ya 30,000 ni 3,000. Kwake ni kidogo kweli. Kwako ni nusu ya faida. Ulikuwa upate 300,000, sasa ni 150,000, na ili urudi kwenye 300,000 ni lazima uuze pea 100 badala ya 50. Akikubana asilimia 20, umembebea mzigo bure.

Nawaomba vijana waandike hesabu hii kwenye kadi waiweke kwenye pochi. Swali la kujiuliza kila unapoombwa kupunguza ni: hii ni sehemu gani ya faida yangu?

Sababu ya pili: vitu vidogo ulivyoongeza baada ya kupatana. "Basi utanifikishia?" Nawe ukasema ndiyo kwa sababu mazungumzo yamekwenda vizuri na hutaki kuyaharibu. Tuseme gari ya kukodi hadi Karatu ni 120,000. Kutoka kwenye zile 150,000 zimebaki 30,000, na hujala chakula cha mchana. Kipimo ni kuchukua oda zako tano za mwisho na kuandika kila kilichotoka baada ya kushikana mikono: usafiri, mfuko wa ziada, sampuli zisizorudi, kushona nembo. Wengi wanashtuka.

Tiba ya sababu hizi mbili ni moja: usitoe kitu bila kuomba kitu. Wazee wetu sokoni wanalijua hili bila kufundishwa. Mama wa nafaka pale Mbuyuni ukimwambia apunguze, anakuuliza unachukua kilo ngapi. Hajakataa, hajakubali, amekupa bei ya kulipia punguzo lako. Nawe ufanye hivyo. "Naweza kushuka hadi 28,500 mkilipa nusu leo na mkituma gari yenu ichukue." "Kukufikishia nitakufikishia, basi tufanye pea 70." Chagua vitu vinavyokugharimu kidogo lakini kwake ni vikubwa: kumtunzia mzigo kwenye stoo yako na kumpa kidogo kidogo, kumbadilishia shuka yenye kasoro bila maswali, kumpa simu yako ya usiku. Mimi nimeshinda oda kwa ahadi ya kubadilisha shuka mbovu ndani ya saa 24, na kwa mwaka mzima nilibadilisha tatu.

Hatua zako za kupunguza nazo ziwe zinapungua. Ukitoka 30,000 hadi 29,000, kisha 28,000, kisha 27,000, umemfundisha mteja kwamba kila akikaza anapata elfu moja, kwa nini aache? Toka 30,000 hadi 29,000, kisha 28,600, kisha 28,500. Ataona mwenyewe chupa inaisha.

Sababu ya tatu: hela yako imelala kwa mteja. Nimeiweka peke yake kwenye dalili ya 6.

Simama na umwite mhasibu iwapo umeshafanya hesabu hizi na bado hujui hela inakwenda wapi. Huenda tatizo liko stoo, au kwa mtu unayemwamini, na mazungumzo na wateja hayataliponya.

Dalili ya 3: "Bei bila risiti ni ngapi?"

Fupi. Sababu ni kwamba mteja amezoea kupewa punguzo hilo kwingine. Usilitoe. Kutoa risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ni sharti la sheria kwa mfanyabiashara anayetakiwa kuwa na mashine, na faini yake haiwezi kulinganishwa na faida ya shuka. Jibu langu ni moja, nalisema bila kumhubiria mtu: "Bei yangu ni hiyo hiyo, na risiti yako hii hapa, ikusaidie kubadilishiwa." Anayeng'ang'ania, mwache aende.

Dalili ya 4: "Ngoja nizunguke kwanza, nitarudi" na harudi

Ya kawaida: hukumpa sababu ya kurudi wala tarehe. Yeye amekuaga kwa adabu, maana kwetu mtu hasemi "sitaki" usoni. Kabla hajatoka, uliza jambo moja: "Ni bei inayokuzuia, mama, au kuna kitu kingine hakijakaa sawa?" Hilo "kitu kingine" linafungua milango. Utasikia rangi, utasikia kipimo cha kitanda, utasikia "mume wangu hajaona."

Inayofuata: uliyeongea naye siye mwenye uamuzi. Jipime: je, aliposikia bei aliandika mahali? Anayeandika anakwenda kumweleza mtu. Msaidie hapo hapo. Mpe ukurasa mmoja wenye bei, idadi, siku ya kufikisha na sampuli ndogo ya kitambaa, kwa sababu atakapofika kwa bosi wake yeye ndiye muuzaji na wewe hupo. Afadhali zaidi: "Ningependa nije wakati mkurugenzi yupo, nijibu maswali mwenyewe. Alhamisi asubuhi itafaa?"

Ya nadra: umemkera. Ulimkatiza, au ulisema vibaya juu ya mshindani ambaye kumbe ni shemeji yake. Mji huu ni mdogo. Usimseme mwenzako vibaya hata ukiwa na ukweli.

Kufuatilia: piga simu mara moja baada ya siku tatu, tuma ujumbe wa WhatsApp wenye kitu kipya, kama picha ya rangi aliyoitaka, baada ya wiki moja, kisha nyamaza hadi majira yanayofuata. Kumpigia mtu kila siku kunamwambia huna mteja mwingine.

Dalili ya 5: Mlishapatana, lakini LPO (hati ya oda ya mnunuzi) imekuja na bei nyingine

Sababu ya kwanza karibu kila mara ni VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ulisema 30,000 ukiwa na maana kodi iko juu yake. Wao wakasikia 30,000 kodi ikiwa ndani. Kwa pea 50 ulitarajia 1,500,000 pamoja na VAT ya asilimia 18, yaani 270,000 nyingine juu. Wao wanalipa 1,500,000 kwa jumla. Ukitoa kodi humo, yako ni 1,271,186. Na zile gharama zako za 24,000 kwa pea, bila VAT, ni 1,200,000. Umebaki na 71,186 kwenye oda uliyoshangilia njia nzima.

Tiba ni sentensi moja ya kutamka na kuandika: "Bei hii ni kabla ya VAT." Ikiwa hujasajiliwa VAT, huruhusiwi kuitoza, sema mapema, kwa sababu mteja aliyesajiliwa hatakuwa na kodi ya manunuzi ya kujirudishia kutoka kwako naye atataka kulihesabu hilo. Tangu Julai 2023 usajili ni lazima mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Ukikaribia hapo, ongea na mhasibu kabla ya kusaini mkataba wa mwaka mzima, maana bei uliyofunga leo itakubana kesho.

Sababu ya pili: mliongea, hamkuandika. Dakika kumi baada ya kutoka kwa mteja, kabla hata ya kupanda daladala, mtumie ujumbe: "Asante bosi kwa muda wako. Kama tulivyoelewana: pea 50, 28,500 kabla ya VAT, nusu leo, nusu siku ya kupokea, gari yenu." Akijibu "sawa", una mapatano yanayoweza kusomwa na mtu wa tatu.

Sababu ya tatu ni fedha ya bei. Arusha tulizoea kutaja dola kwenye mambo ya utalii. Kanuni za mwaka 2025 zinataka bei na malipo ya ndani ya nchi yawe kwa shilingi, kwa hiyo profoma (ankara ya awali) ya dola itakurudia, na wakati wa kuibadilisha ndipo mtu anapochagua kiwango kinachompendeza. Andika shilingi tangu mwanzo.

Sababu ya nne: wanakujaribu. Wapo wanaopunguza bei kwenye LPO wakijua umeshanunua mzigo. Hapa usipeleke kwanza ukalalamike baadaye. Ukishapokea LPO na kupeleka mzigo, ni kama umekubali bei iliyoandikwa humo. Rudisha karatasi kwa heshima, eleza tofauti, subiri LPO mpya. Ukiletewa mkataba wenye fidia ya kuchelewa, sharti la kutowauzia wengine, au dhamana ya mali yako binafsi, weka kalamu chini na umtafute wakili. Ada yake ni ndogo kuliko nyumba.

Dalili ya 6: Amechukua mali kauli (kwa mkopo), halipi

Jina lenyewe linaonya. Mali imekwenda, ulichobaki nacho ni kauli.

Sababu namba moja, na ina tiba nyepesi: karatasi hazijakamilika. Kwenye hoteli nyingi mhasibu hawezi kukulipa bila LPO, ankara, risiti na hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mtunza stoo. Kijana anampigia meneja wiki tatu, meneja anajibu "nitaangalia", kumbe saini ya stoo haipo. Mpigie mhasibu, msalimie vizuri, uliza: "Kwenye faili langu kuna kinachokosekana?" Nusu ya madeni yanayoletwa kwangu Jumamosi yamefunguka kwa swali hilo.

Namba mbili: hamkuweka tarehe. "Nikiuza nitakulipa" si tarehe. Namba tatu: hukuwa unadai, na mwenye deni hulipa kwanza anayeuliza. Kumbushia siku mbili kabla ya siku ya malipo, si wiki mbili baadaye. Namba nne: mteja amekwama kweli. Huyu mpe mpango wa kulipa kwa mafungu, uandikwe, na mzigo mpya aununue taslimu. Namba tano, ya nadra kuliko hofu yetu: alikusudia tangu mwanzo.

Ielewe pia gharama ya kusubiri. Zile pea 50 zilikula mtaji wa 1,200,000. Ukiwa umeukopa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kila mwezi unaopita ni 36,000. Miezi mitatu ni 108,000. Kama faida yako baada ya punguzo ilikuwa 150,000, sasa ni 42,000. Kwa hiyo siku za kulipa ni sehemu ya bei, na mnatakiwa kuzipatania pamoja na bei. Mimi hutaja bei mbili waziwazi: ya taslimu, na ya siku 30. Mteja achague mwenyewe. Mteja mpya hapati mali kauli oda ya kwanza, hata awe anashuka kwenye gari gani.

Pa kusimama: ahadi tatu zikivunjwa mfululizo, acha kuongea kwa mdomo. Andika barua ya madai yenye kiasi, tarehe na siku za mwisho, na kama kiasi ni kikubwa iandikwe na wakili. Deni la biashara ni kesi ya madai. Polisi hawako kwa ajili ya kukukusanyia, isipokuwa kuna udanganyifu wa kweli kama nyaraka za kughushi. Usiende na vijana kubeba mali kwake, kwa sababu utageuka wewe kuwa mshtakiwa. Na usilale: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6.

Dalili ya 7: "Weka cha juu, yangu"

Afisa manunuzi anakuambia kila pea uongeze 2,000, utamtumia kwenye simu. Kabla ya kumhukumu, pima. Wako madalali halali wanaokuletea mteja kwa kamisheni inayojulikana na kila upande. Uliza wazi: "Mwenye hoteli anajua?" Kama anajua, iandikeni na uilipe kwa risiti. Kama hajui, hiyo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haiishii kwenye ofisi za serikali.

Hapa hakuna ufundi wa mazungumzo. Ondoka. Najua maneno haya ni mepesi kwa asiye na kodi ya kulipa, na nimewahi kupoteza mteja mkubwa kwa njia hii mwezi ambao nilimhitaji sana. Lakini siku yule mtu atakapoondoka, na huondoka, mwenye mali atafungua mafaili na kukuta shuka zako zilikuwa ghali kwa 2,000 kuliko za wengine, na jina litakalofutwa ni lako. Ukishinikizwa au ukitishwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wana namba ya bure, 113.

Dalili ya 8: Mteja amenyamaza, na wewe ndiye uliyeshusha bei

Sikiliza mazungumzo ya kijana mgeni: "Ni elfu thelathini... ila tunaweza kuongea... hata ishirini na tano si mbaya." Mteja hajafungua mdomo. Elfu tano imekwenda.

Sababu ya kwanza ni woga wa kimya. Mteja anapiga hesabu ya vyumba kichwani, wewe unadhani amechukia. Tiba: taja bei, kisha funga mdomo na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Shika kalamu, angalia sampuli, fanya lolote ila usiongee. Mara nyingi akifungua mdomo anauliza siku ya kufikisha.

Sababu ya pili ni heshima iliyokosa mahali pake. Tumelelewa kutobishana na wakubwa, na mnunuzi mara nyingi ni mkubwa wako. Msalimie "shikamoo", mpokee kwa mikono miwili, umwite mzee wangu, na bei ibaki pale pale. "Mzee wangu, ningekuwa na nafasi ningekupa bila kuombwa. Kwa pea 50 hapa ndipo ninapofika." Sauti ya chini, macho ya utulivu. Anayeheshimu na kukaza kwa wakati mmoja huheshimiwa zaidi ya anayebembeleza.

Sababu ya tatu: huamini bidhaa yako. Tumia shuka zako nyumbani miezi miwili, zifue kama hoteli inavyofua. Zikififia, tafuta nyingine. Zikidumu, utasema bei bila kutetemeka.

Mazoezi: chukua wiki mbili, kila siku ununue kitu kimoja kwa kupatana bei, na usinunue hadi umeshanyamaza mara moja kwa hesabu ya kumi. Zunguka kwenye maduka ya vifaa vya simu, viatu, vyombo. Ila usimfanyie mazoezi mama wa mchicha pale Kilombero. Fungu lake la shilingi mia tano halina pa kupunguza. Mlipe alichosema, na ukipata nafasi mwulize ameuzaje siku nzima, maana anajua mengi kuliko mimi.